Hapa Hakai Mtu

Kengele za adhuhuri za kanisa la Carmine zikisha kunyamaza, dirisha la jiko la ghorofa ya pili lilikuwa likifunguka kwa kishindo, mkono mnene ukatokeza, na ndoo nzima ya maji ikamwagika juu ya baraza la mawe lililo chini yake. Halafu ikafuata sauti, na sauti hiyo ilifika mpaka uwanjani kwa muuza utumbo.

"Hapa hakai mtu!"

Aliyekuwa amekaa alilowa. Aliyekuwa akitaka kukaa alitazama juu, akaona uso mwekundu wa mwanamke wa miaka karibu sabini, nywele zimetiwa rangi ya shaba, sigara pembeni mwa mdomo, akaenda zake. Wengi walikuwa watalii, mkate mkono huu na ramani mkono ule, ama wametoka makumbusho ama wanakwenda makumbusho. Loriana Bencini hakuona tofauti. Waliotoka walikuwa wamechoka zaidi, basi.

Baraza lile lilijengwa pamoja na jumba lenyewe, enzi ambazo wenye jumba waliwaacha wenye shida zao wangoje nje. Limekaliwa mpaka jiwe limebonyea. Loriana alipokuwa kijana alikaa hapo kila jioni ya kiangazi na wanawake wenzake wa San Frediano, mtaa wao hapo Firenze, kila mmoja na glavu zake za ngozi mapajani, wakishona vidole na kuwasema waume. Kazi ya glavu ilimlisha mpaka alipostaafu. Wanawake wale sasa, aliyekufa amekufa, aliyehama amehamia kitongoji cha Scandicci kwenye nyumba zenye lifti. Jumba likauzwa kwa kampuni ambayo hakuna aliyepata kuuona uso wake. Milangoni mwa majirani vikatundikwa visanduku vidogo vya funguo za wageni wa siku mbili tatu, na kwenye ngazi, badala ya "habari za asubuhi", kukawa na mlio wa mabegi ya magurudumu. Waliobaki na mkataba wa zamani walikuwa wawili tu: Loriana na mumewe, Vasco.

Ndoo alijifunza kutoka kwa jiji. Aliona wafanyakazi wa jiji wakimwagilia ngazi za kanisa saa za chakula ili walaji mikate wasikae. Akasema, "Ndoo hata mimi ninayo."

Akiulizwa sababu, alimtaja Vasco. Vasco alikuwa fundi bomba, lakini magoti yake hayakuvunjwa na mabomba. Yalivunjwa mchangani, mbele ya kanisa la Santa Croce, katika mchezo wa kale ambao kila Juni mitaa minne ya Firenze hupigania mpira mmoja kwa ngumi na mieleka. Misimu minane Vasco alivaa rangi nyeupe ya mtaa wao, na mara mbili alitolewa kwa machela huku akiimba. Sasa alitembea kwa fimbo. Mlango wao ulifungukia nyuma, kwenye kichochoro; kutoka hapo mpaka uwanjani ilikuwa lazima azunguke pembe ya jumba na kupita chini ya dirisha la jiko lake mwenyewe. Katikati ya njia hiyo ndipo lilipo baraza. Vasco akifika hapo alikaa, magoti yakatulia, akaendelea hadi kwa Moreno, muuza utumbo, kula mkate wake na kugombana kuhusu mpira. Wakati wa kurudi alikaa tena. Loriana aliteremsha kikapu kwa kamba, Vasco akatia ndani mkate wa utumbo wa mkewe, kwa maana kwa mwendo wake wa ngazini ungefika umepoa. Yeye akishaondoka, ndoo ilimwagwa. Kufikia jioni jiwe limekauka, na Vasco anatoka mara ya pili.

Bila baraza, Vasco hafiki uwanjani. Hilo mtaa mzima ulilijua. Lakini lilikuwa nusu tu ya ukweli wa ile ndoo.

Nusu ya pili ilikuwa ya mwaka 1966. Loriana alikuwa na miaka tisa mto Arno ulipofurika. Nyumba yao ilikuwa chumba cha chini, mlango barabarani, na maji yaliingia na mafuta meusi ya kupashia nyumba joto yakapanda mpaka karibu na dari. Yalipotoka yaliacha tope la kufika magotini. Ndipo vijana wakaja kutoka kila upande wa dunia, mabuti ya mpira miguuni, wakajipanga mistari, wakapokezana vitabu na picha za kale za makumbusho zilizolowa kama watu wanaopokezana watoto wachanga. Mama yake Loriana alikuwa amesimama mlangoni na godoro lililonywa tope, zito kama ng'ombe mfu. Akamwita kijana mmoja mrefu aliyekuwa akipita. Kijana hakuwa mtu mbaya. Alitabasamu, akanyoosha kidole ng'ambo ya daraja, akasema kwa Kitaliano cha kuokoteza, "Baada ya picha, mama. Baada ya picha."

Mama aliamini. Alingoja mpaka giza likaingia. Kisha yeye na bintiye waliliburura lile godoro wenyewe.

Picha zilipona, zikarudi ukutani, na dunia inapanga foleni kuziona. Mama yake Loriana alikohoa majira yote ya baridi, na miaka iliyofuata alikohoa kila Novemba kama mtu anayekumbushwa jambo. Binti naye hakupata kukanyaga jumba la picha hata siku moja. Shule ilipowapeleka alijitia kuumwa tumbo. Alipopita nje ya mlango wake alitema mate, na kwa mtu aliyezaliwa Firenze hiyo ni mizunguko mingi na mate mengi.

Sasa ikawa siku moja ya Mei, Vasco alichelewa kwa Moreno kwa sababu ya ubishi. Kengele zikapiga. Loriana, aliyekuwa na maharage jikoni, alimwaga ndoo bila kuchungulia.

"Ahsante, mama," ikasema sauti nzito huko chini. "Joto lilikuwa limenizidi."

Akachungulia. Jitu la mwanaume lilikuwa limekaa katikati ya baraza, linachuruzika maji, halina dalili ya kuondoka.

"Hukusikia? Hapa hakai mtu!"

"Nimesikia. Lakini mimi nimekaa, kwa hiyo umekosea."

"Unatoka wapi wewe?"

"Bergamo, huko kaskazini. Naitwa Battista. Nafanya kazi ya vigae."

"Bergamo! Ndiyo maana. Wala sima nyie. Sima imekupanda kichwani ikagandia huko."

"Afadhali sima kuliko mkate wenu usio na chumvi. Nimeuonja asubuhi, nikadhani nimepata homa na ulimi umekufa."

"Ulimi wako ndio hauna chumvi! Mkeo yuko wapi? Au amekukimbia?"

"Yuko kwenye lile jumba la picha tangu asubuhi."

"Na wewe kwa nini hukubaki humo, unakuja kunichafulia jiwe?"

Battista alikamua kofia yake taratibu. "Mimi makumbusho siyawezi. Nimeingia chumba cha kwanza, watakatifu wote wakanikodolea macho kama nimewaibia kuku. Chumba cha pili, wale wale, na kuku bado hajapatikana. Nikamwambia mke wangu, tazama wewe, mimi nakwenda kukungoja mahali wanapoishi watu."

"Hapa hawaishi watu. Hapa yanaishi mabegi."

"Na wewe je?"

"Mimi nimebaki kwa ukaidi."

Battista akacheka. "Haya, wewe uliyezaliwa hapa. Kuna picha gani humo ya kumtoa mtu Bergamo?"

"Sijui. Sijawahi kutia mguu."

Mtu yule alipiga paja lake lililolowa, maji yakaruka. "Hujawahi! Basi mimi na wewe ni ndugu!"

"Ndugu!" Loriana nusura aangushe sigara. "Katika ukoo wetu hajazaliwa mla sima hata kwa bahati mbaya! Ondoka, mwenyewe anakuja!"

Vasco alikuwa anakuja kweli, mguu mmoja baada ya mwingine. Battista akasimama, akaona fimbo, akaona jiwe lililolowa, akaelewa. Koti lake alikuwa ameliweka pembeni na lilikuwa kavu upande wa ndani. Akaligeuza, akalitandika, akampa Vasco mkono. Wakakaa pamoja. Kikapu kikateremka na kamba yake, kikangoja usawa wa pua zao.

Vasco alitazama kikapu, akamtazama mgeni, akatoa ule mkate wa utumbo wenye moto na mchuzi wake wa majani, akampa Battista.

"Vasco! Huo ni wangu!"

"Umemmwagia maji, Lori. Mtu uliyemlowesha unamlisha."

"Nitakulowesha na wewe!"

"Mimi nimeshakula."

Kikapu kikapanda kitupu. Loriana alikula maharage kwa hasira, amesimama, huku akisikia vicheko vikipanda kupitia dirishani: vigae, magoti, sima ya Bergamo, mchezaji mmoja wa zamani ambaye wote wawili walimchukia. Mke wa Battista alipokuja kumchukua, miguu imevimba, yeye pia alikaa kidogo. Hakuna aliyemmwagia kitu, kwa kuwa Loriana alikuwa amefunga dirisha makusudi wajue amekasirika. Hawakujua.

Jioni ile waligombana. Vasco si mtu wa maneno mengi, lakini alisema moja. "Unanilindia baraza mpaka umelifanya kaburi, Lori. Nakaa pale peke yangu kama mfu anayengoja maua."

"Nani alikuwa anakaa amesimama, kabla ya ndoo? Walikuwa wamejaa pale na mikate yao, wewe umeshikilia ukuta! Nani?"

"Mimi."

"Basi!"

Na kweli lilikuwa "basi", kwa maana juma lililofuata walikuja mafundi na mashine za kutoboa. Loriana alisikia vumbi la jiwe kabla hajaliona. Lina harufu yake. Alipotia kichwa dirishani, miiba ya chuma ilikuwa imekwisha pandwa baraza zima, mistari miwili, mirefu kama kidole cha kati, na katikati alisimama msimamizi wa jumba, Neri Castellacci, kijana wa suti ya kitambaa chepesi na viatu visivyo na soksi.

Loriana alishuka na kandambili. Ngazi zote alizishuka akitukana, na matusi ya San Frediano hayamwachi mtu wala jamaa wa mtu. Alipomfikia Neri pumzi ilikuwa imemwishia, na kijana akawahi kusema kwa adabu kabisa:

"Bi. Loriana, mimi nilitegemea utanishukuru."

"Nikushukuru!"

"Wageni wetu wanatuletea malalamiko kila juma. Tazama mwenyewe." Akatoa simu. Kwenye kioo kulikuwa na dirisha, mkono mnene, maji yanashuka. Na sauti ikatoka, ndogo lakini haina mashaka: *Hapa hakai mtu!* Akagusa nyingine. *Hapa hakai mtu!* Na nyingine. "Kampuni ikasema, kama mpangaji wetu wa miaka mingi hataki watu wakae, na wageni wetu hawataki kulowa, dawa ni moja. Tumekusikiliza wewe, Bi. Loriana. Sasa hakai mtu kweli."

"Na mume wangu?"

Neri alimtazama kama mtu aliyeulizwa habari za nchi nyingine. "Mumeo anakaa pale? Mbona kwenye video hayumo?"

Loriana alitazama miiba, akatazama simu, akapanda ngazi zake.

Kesho yake Vasco alitoka kama kawaida. Loriana alikuwa dirishani, amejificha nyuma ya pazia kama mwizi. Alimwona akizunguka pembe, akafika, akanyoosha mkono nyuma kutafuta jiwe bila kutazama, kama alivyofanya miaka yote, na mkono ukagusa ncha za chuma. Akaurudisha. Akasimama amelalia ukuta. Magoti yakaanza kutetemeka, hata kutoka juu yalionekana. Uwanja alikuwa anauona, na Moreno alikuwa amempungia kijiko. Vasco akampungia pia, kisha akageuka akarudi alikotoka.

Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu hakuvaa viatu.

"Moreno siku hizi anazidisha pilipili," alisema.

Ulikuwa uongo, na Loriana, ambaye kwa uongo mdogo kuliko huo angevunja sahani, safari hii alimwekea sahani mezani. Vasco akakaa mbele ya televisheni, mgongo kwa dirisha. Moreno alipaza sauti kutoka uwanjani, "Bi. Lori! Amekufa au ameninunia?" Loriana alijibu, "Kiulize chuma!" akafunga dirisha. Alikwenda ofisi ya jiji. Wakamwambia baraza ni la mwenye jumba. Alikwenda kwa Neri; akamwambia mkahawa wa pembeni una viti vizuri. Unavyo viti vizuri, kwa anayeagiza.

Hasira yake sasa haikuwa na pa kwenda. Zamani ilitoka kwa ndoo kila adhuhuri, akabaki mwepesi. Sasa kila akiinua ndoo anaisikia ile sauti ndogo ya kwenye simu, na sauti ni yake. Alimchukia Neri. Aliichukia kampuni isiyo na uso. Akawachukia watalii upya, mmoja mmoja. Lakini siku nzima ikizunguka, hasira ilirudi pale pale, kwenye mkono mnene uliokuwa unatoa maharage maganda.

Alikuwa hapo, kwenye maharage, siku ya sita au ya saba, macho yakatua kwenye kamba ya kikapu iliyoning'inia kwenye msumari wake. Kisha kwenye kiti alichokalia, kiti cha jikoni chenye kikalio cha nyasi, miguu minne, kizee kuliko ndoa yake.

"Vasco! Vaa viatu!"

"Kwenda wapi?"

"Vaa viatu, nimesema!"

Kiti kilitoka dirishani kimefungwa kamba, miguu mbele. Kilizunguka hewani, kikagonga ukuta wa jumba, kikaondoa kipande cha rangi ambacho kampuni ilikuwa imekipaka mwaka jana, jambo lililompa Loriana furaha ya kwanza ya mwezi ule. Kilitua barabarani, mbele ya miiba, kikasimama kama kimeitwa. Vasco alipozunguka pembe alikuta kiti chake mwenyewe kinamngoja, kamba imepanda juu kutoka mgongoni mwake.

"Umeshachanganyikiwa," alisema, kichwa juu.

"Kaa."

Akakaa. Magoti yakatulia. Akaenda kwa Moreno, na uwanja mzima ukasikia mapokezi. Kiti kikapandishwa, kisije kikapata mwenyewe mwingine. Wakati wa kurudi kikateremshwa tena, na mkate wa utumbo ukapanda umefungwa kwenye kiti.

Neri alifika kabla juma halijaisha. "Bi. Loriana, kiti kinazuia njia."

"Kijana, hicho hakijawekwa njiani. Kimetundikwa. Mkataba wangu unaniruhusu kuanika dirishani. Leo nimeanika kiti."

"Kuna mtu juu yake!"

"Hajakauka bado."

Vasco alicheka mpaka fimbo ikamdondoka, na Neri, ambaye amelelewa vizuri, akaiokota.

Lililomuudhi Loriana lilikuja baadaye. Watalii walianza kukusanyika. Kwanza wawili watatu, kisha kundi zima likiongozwa na mwanamke mwenye kibendera, aliyesimama chini ya dirisha akieleza kwa Kiingereza jambo ambalo Loriana alikuwa na hakika ni uongo. Kiti kikiteremka, simu zinapanda. Kikitua, wanapiga makofi. Aliwatukana wote, nchi zao na mapishi yao, nao wakapiga makofi zaidi. Vasco, mjinga yule, alianza kupunga mkono kama Papa.

"Wanatutazama kama picha!" alimfokea mumewe.

"Basi nimepona," Vasco akasema. "Picha huwa zinapona."

Aliposema vile Loriana akaenda kuosha sufuria iliyokwisha oshwa, na Vasco hakujua kwa nini, maana habari ya godoro hakuwahi kuambiwa.

Juzi, Vasco alikuwa ameshazunguka pembe kurudi nyumbani. Loriana akashika kamba kupandisha kiti, kamba ikagoma. Alichungulia. Mwanamke mgeni alikuwa amekikalia, mnene, wa makamo, viatu ameshavua, nyayo zake nyekundu zimetanda juu ya mawe ya barabara, ramani ya makumbusho ameikunja anajipepea nayo. Kengele za Carmine zikaanza. Ndoo ilikuwa kizingitini, imejaa.

"Hapa..." alianza Loriana, mkono tayari umeshika ndoo.

Mgeni akainua uso. Akaonyesha kiti, akaonyesha miguu yake, akauliza kwa mikono, je, ruhusa?

Loriana alimwangalia. Alikuwa amekasirika. Alikuwa amekasirika kwa ajili ya kiti, kwa ajili ya kamba, kwa ajili ya zile nyayo ambazo zilikuwa zimetembezwa asubuhi nzima mbele ya picha na hakuna aliyezionea huruma. Akageuka, akachukua kopo la chumvi kutoka rafuni, chumvi ambayo mkate wa Firenze haujawahi kuiona, akamimina nusu yake ndani ya ndoo, akakoroga kwa mwiko. Ndivyo alivyokuwa akifanya tangu kiti kiliposhuka mara ya kwanza, kila adhuhuri, na Vasco alikuwa ameanza kuuliza chumvi inakwenda wapi.

"Nyanyua miguu!" alipiga kelele.

Mwanamke hakujua lugha, lakini sauti ile haihitaji lugha. Akanyanyua miguu.

Maji ya chumvi yalipita kando yake yakaipiga miiba mstari mzima, pale ambapo chuma kinaingia kwenye jiwe na ambapo tayari palikuwa na duara dogo jekundu la kutu. Loriana aliinama dirishani kukagua chuma kimeliwa kiasi gani. Kisha akafunga kamba kwenye msumari, ili mgeni akae, na kwenda kujaza ndoo nyingine.